Mama mkwe hakunilisha sumu, na ninayejua ni mimi peke yangu

Mama Winifred mpendwa,

Nakuandikia nikiwa chumba cha kubadilishia nguo hapa kiwandani Masoro, simu mkononi, nimebakiwa na dakika ishirini za mapumziko, na nikiahirisha tena leo najua sitaandika kabisa, kwa hiyo nivumilie kama maneno yanagongana, naomba tu unisaidie kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia, dada yangu ndiye aliyeniingiza kwenye jambo hili na mume wangu ndiye ninayemuogopa.

Naitwa Scovia, jina hilo unaweza kuliandika maana si langu. Nina miaka thelathini na moja, nilizaliwa Karagwe wazazi wangu wakiwa wakimbizi, tukarudi Rwanda nikiwa mtoto. Mume wangu nitamwita Clovis, yeye na mama yake walikulia Burundi. Tunaishi Gikondo, tuna mtoto mmoja, Shimwa, wa miaka mitatu.

Mama mkwe wangu, nitamwita Mama Cécile, alikuja kukaa nasi mwaka jana mwezi wa kumi na moja, baada ya yaya wetu kuondoka bila hata kuaga, na nisiwe mwongo, alituokoa, kwa sababu mimi natoka nyumbani alfajiri kuwahi gari la kiwanda na narudi jioni miguu imevimba, akaja na nguo zake chache, rozari yake, na sungura wanne kwenye kikapu, na leo sungura hao wamefika kumi na saba, kila asubuhi anashuka bondeni na mundu anarudi na gunia la nyasi zenye mashuke, anazitandaza nyuma ya nyumba zinyauke, chini kabisa ya dirisha la chumba chetu, anasema nyasi zenye maji zinawavimbisha sungura tumbo.

Sasa mimi mafua ninayo tangu nikiwa shule, kila mwaka mvua ikikatika napiga chafya, macho yanawasha, nimezoea, lakini tangu Mama Cécile aje yakawa mafua ya kila siku, naamka pua imeziba, macho mekundu mpaka msimamizi wangu akaniuliza kama nalia nyumbani, na halafu mwezi wa kwanza ndipo likaanza hili la mdomo. Nikila chakula chake, midomo inawasha, ulimi unakuwa kama umepakwa kitu, kooni kunakwaruza. Mwanzo nilidhani pilipili, nikamwambia, akasema, "Pole, mama Shimwa, nitapunguza," akapunguza, akaacha kabisa, na bado.

Kilichonichanganya ni kwamba kazini nakula maharage na ugali siumwi, kwa dada yangu Gaju nakula siumwi, mwezi wa tano Mama Cécile alikwenda Huye kwenye msiba akakaa siku nane, Clovis akawa anawapa sungura maganda ya viazi tu, sisi tunakula vilivyochemshwa maana mimi nilikuwa nimechoka na Clovis hajui kupika, na siku nane zile nikapona, Mama Winifred, nikapona mpaka chafya zikapungua, nikalala usiku kucha kama mtoto. Akarudi Jumamosi. Jumapili akatengeneza kachumbari yake, maana yeye chakula bila kachumbari anaona kama hajakupa chakula, nikala, na kabla sijamaliza sahani mdomo wa juu ukavimba mpaka Shimwa akacheka.

Mama Cécile aliogopa. Niliona kwa macho yangu kwamba aliogopa, ila kwa namna nilivyokuwa nimeshaanza kufikiri nikasema huyu anaogopa kukamatwa. Kesho yake akaleta sahani, akachukua kijiko, akala mbele yangu kama tunavyofanya sisi kwa mgeni tunapompa kinywaji, mwenye nyumba anapiga funda la kwanza ili ionekane hakuna kitu ndani. Akaniambia, "Tazama, mama Shimwa. Niko nakula mbele. Hakuna kitu." Akatafuna, akameza, akatulia. Nikala na mimi kutoka sahani ile ile. Yeye mzima, mimi midomo inawaka moto. Hapo ndipo nilipoamini, kwa sababu ningesema chakula ni kibovu, mbona yeye amekula? Basi nikasema kitu kilichomo mle kimewekwa kwa jina langu.

Nikamwambia Gaju. Gaju akapiga mkono kwenye meza. "Scovia, wewe umelishwa! Kazini huumwi, kwangu huumwi, akisafiri unapona, unataka ushahidi gani tena?" Akanipeleka kwa mganga anayemjua, nikanyweshwa dawa ya kutapika, nikatapika mpaka nikaona nyota, na katika beseni yule mganga akanionyesha kitu cheusi kama kipande cha kitambaa, akasema kimetoka tumboni mwangu, akasema ni mwanamke, anapika, analala chini ya paa lako. Nikarudi nyumbani. Na kosa langu kubwa ndilo hili, siku iliyofuata tukiwa tunaanua nguo nikamwambia jirani yangu, Mama Manzi, nikamwambia asimwambie mtu, na wewe unajua mtu akiambiwa hivyo anafanya nini.

Mama Cécile alikuwa anawapikia uji watoto wa majirani, uji wa mtama, wanakuja na vikombe vyao. Wiki ile wakaja wawili. Wiki iliyofuata hakuja mtoto hata mmoja. Akawa anakaa na sufuria yake pale nje mpaka uji unaganda juu, halafu anaumwaga.

Na mimi nakonda, kwa sababu naogopa kula, na yeye akiona nakonda ndivyo anavyozidi kunihangaikia. Jumapili moja mwezi uliopita tumetoka misa, akanitengenezea juisi ya biturudi, karoti na nyanya mbichi, nyingi, akaziponda na kuzichuja kwa mkono, akaniambia, "Damu yako imepunguka, kunywa hii, hata mama yangu alinipaga nikiwa na mimba ya Clovis." Akaonja funda moja, akanipa. Clovis alikuwa amekaa pale, ningekataaje? Nikanywa glasi nzima. Mama Winifred, koo likafunga. Sauti ikakatika, kifua kikaanza kupiga filimbi, mwili wote mapele, nikajua sasa nimeuawa, na kwenye gari la kunipeleka hospitali nilikuwa nikimtazama Clovis nataka kumwambia mama yako ndiye, na ninamshukuru Mungu kwamba sauti haikutoka.

Wakanichoma sindano, nikapata pumzi. Baadaye daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, akanihoji nilikula nini, nikamwambia yote isipokuwa jambo la sumu, akaniuliza, "Ukipita penye nyasi zinazochanua unapiga chafya?" Nikaona ananipotezea muda. Niliporudi baada ya siku kumi akanidondoshea matone kwenye mkono, moja la nyasi, jingine la nyanya, akayachoma juu juu kwa sindano ndogo, tukasubiri robo saa. Pa nyasi palivimba kama nimeumwa na nyuki. Pa nyanya napo palivimba, ila si kama pa nyasi. Akaniandikia karatasi, aleji ya chavua ya nyasi na aleji ya nyanya, akasema vinakwenda pamoja, akanipa dawa, akaniambia niache nyanya mbichi na niwaambie wote wanaonipikia. Nikamuuliza, "Sumu haiwezi kufanya hivi?" Akanitazama, akasema, "Sumu gani?" Nikasema hakuna.

Karatasi hiyo iko kwenye mkoba wangu wiki ya tatu leo. Sijamwonyesha mtu. Clovis nilimwambia daktari amesema ni vidonda vya tumbo.

Wiki iliyopita jumuiya ilikuja kusali kwetu. Mama Cécile alipika chai ya maziwa chupa mbili kubwa, akapita na vikombe, na Mama Manzi akafunika kikombe chake kwa kiganja, akasema ahsante nimeshiba, na wa pembeni yake akafunika, na wa tatu, na wa nne. Mama Cécile akasimama pale katikati na chupa mkononi. Akajimiminia mwenyewe kikombe kizima, akanywa mbele yao wote, amesimama, chai ya moto, mpaka ikaisha. Hakuna aliyenyoosha kikombe. Na mimi mkoba niliupakata, na karatasi ilikuwa ndani, na sikufungua mdomo.

Mimi chakula chake sasa nachambua nyanya nazificha chini ya ganda la ndizi, au nikipata nafasi nakwenda kumwaga sahani yote kwa sungura. Juzi aliikuta kachumbari kwenye banda lao. Aliiokota kwa mikono, akaosha banda, hakuniuliza kitu. Jioni akamwambia Clovis kwamba Kigali imemshinda, anakwenda Rusizi kwa binti wa marehemu dada yake, na ameshakata tiketi ya basi la Jumapili hii. Clovis amekasirika, amemwambia, "Mama, unatuachia mtoto hivi hivi?" Anamuona mama yake mkorofi. Na yeye anaendelea kukunja nguo.

Sasa ukweli wangu ni huu, na nisamehe, aliposema anaondoka kuna sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Nikasema akienda, nyasi zitaondoka, kachumbari itaondoka, maneno ya majirani yatakufa yenyewe, na Clovis hatajua kamwe kwamba mimi mke wake nilimtaja mama yake kuwa mlisha watu sumu. Nikimwambia, ndoa yangu imekwisha. Clovis akikasirika hapigi kelele, ananyamaza mwezi mzima. Lakini tangu nifurahi vile silali, nikifumba macho namuona na ile chupa. Na wakati mwingine, nakwambia kweli, bado najiuliza kama karatasi inadanganya, maana nyanya nimekula maisha yangu yote, Karagwe tulikuwa tunazila shambani kama matunda, inakuwaje leo zinikatae?

Niambie, Mama Winifred, kuna dhambi gani nikinyamaza tu mpaka Jumapili? Aleji ni yangu, nyanya nitaziacha, ndoa yangu itabaki. Au kuna njia ya kumsafisha mama bila mimi kutajwa? Kengele inalia, naomba unijibu haraka.

Scovia, Gikondo

MAMA WINIFRED ANAJIBU

Scovia mwanangu,

Jibu hili nimekutumia kwenye simu leo Jumanne, na gazetini litatoka Alhamisi. Idadi ya sungura nimeibadilisha, lakini majirani zako si wajinga. Kwa hiyo una siku mbili za kusema mwenyewe nyumbani kwako kabla hujasomwa. Ukiniambia nisichapishe, sitachapisha, ila nakuomba usiniambie hivyo, kwa sababu Gikondo nzima wamo akina Scovia.

Nianze na koo lako, maana ushauri haumfai maiti. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na sita kabla sijakaa kwenye kiti hiki, na nimeona watu wakiletwa kama ulivyoletwa wewe, wengine wakachelewa. Wewe unaishi nyumba moja na mtu anayekupikia kila siku, anayekupenda, asiyejua kwamba nyanya mbichi zinakufunga pumzi. Kesho akikuonea huruma tena atakuponda juisi nyingine! Siri unayoitunza kwa ajili ya ndoa yako ndiyo itakayokulaza kaburini, na hapo Clovis atabaki mjane na mama yake atabaki na kesi. Umelifikiria hilo?

Unauliza kama karatasi inadanganya. Haidanganyi. Sikiliza. Mwili wako tangu utotoni una ugomvi na chavua, lile vumbi jepesi linalotoka kwenye nyasi zikichanua. Ndiyo mafua yako ya kila mwaka. Sasa ndani ya nyanya mbichi kuna kitu ambacho kwa umbo kinafanana mno na kilichomo kwenye chavua ile. Mlinzi wa mwili wako hajui kusoma majina. Amepigana na nyasi miaka yote, akiona sura inayofanana anapiga. Ndiyo maana mdomo unawasha dakika hizo hizo, pale nyanya inapogusa. Shambani kwenu Karagwe mlinzi huyo alikuwa bado hajakasirika kiasi hicho. Aleji haina umri, mtu anaweza kula kitu miaka thelathini na mwaka wa thelathini na moja kikamkataa. Na mwaka huu umelala na gunia la mashuke chini ya dirisha, umeyavuta usiku na mchana, ukaamka umekasirika mwili mzima.

Sasa rudia ushahidi wako, huo Gaju alioupigia meza. Kazini huumwi kwa sababu maharage yamechemka, na moto huvunja nguvu ya kitu hicho kwa watu wengi wa aina yako. Kwa Gaju vivyo hivyo, nakuhakikishia dada yako hajui hata kukata kachumbari. Mama alipokwenda Huye hakukuwa na nyasi dirishani wala nyanya mbichi mezani, ukapona. Aliporudi vikarudi vyote viwili ndani ya siku mbili. Yaani kila ulichokiona kilikuwa kweli, ukakipa jina la mtu.

Na kule kuonja! Hapo ndipo tunapopotea sote, Scovia, si wewe peke yako. Sisi tumelelewa kwamba mwenyeji akionja na asidhurike, chakula ni salama, na yeye akibaki mzima mgeni akaumwa, basi kuna mkono wa mtu. Kuonja kunaweza kumfichua mwenye sumu. Lakini kuonja hakuioni aleji kabisa. Mama Cécile angekula sufuria nzima mbele yako na asingepata hata chafya, kwa kuwa nyanya hazina neno naye. Kila alipokuonyesha kwamba hana hatia, wewe ulizidi kumuona mwenye hatia. Maskini, alitumia njia pekee aliyofundishwa ya kusema nakupenda, kula bila hofu, na njia hiyo ndiyo ikamfunga.

Wala usije sasa ukahamisha kesi kutoka kwenye sahani ukaipeleka kwenye nyasi. Nakujua. Utasema, kumbe bado ni yeye na magunia yake. Alikuwa analisha sungura!

Yule mganga wako mimi sina la kumwambia, ila wewe nikuulize. Mtu mzima, unafanya kazi ya kukagua nguo zenye kasoro kutwa, au sijui unafanya nini huko Masoro, unaonyeshwa kitambaa kwenye beseni la mtu ambalo hukuliosha wewe, unaamini kimekaa tumboni mwako? Dawa ya kutapika kwa mtu ambaye koo lake linavimba ingeweza kukumaliza pale pale. Usirudi huko. Na Gaju asikupeleke popote tena mpaka apoe.

Sasa lile ulilonificha katikati ya maelezo mengi. Nimesoma barua yako mara tatu. Mara unasema ndoa yangu imekwisha, mara ndoa yangu itabaki, mara Clovis ananyamaza mwezi mzima. Nimetafuta mahali ulipouliza, je, mama yule anajisikiaje? Sikupaona. Unamuona na chupa ukifumba macho, hilo ndilo jambo jema pekee kwenye barua yako, na ndilo lililonifanya nikujibu siku hiyo hiyo. Dhamiri yako haijafa, imebanwa tu.

Unauliza kuna dhambi gani ukinyamaza. Nikwambie kitakachotokea. Jumapili Mama Cécile atapanda basi. Jumatatu Mama Manzi atasema, umeona, alipojua tumemgundua amekimbia. Maneno hayatakufa, yatapata uthibitisho. Na watu wana ndugu, wana simu, Rusizi si mwezini. Atafika kule, siku moja atawapikia watoto uji, na mtu mmoja atapigiwa simu kutoka Gikondo. Mwanamke wa umri wake, aliyehama nchi mara ngapi sijui, utampeleka wapi tena? Katika nchi hii mtu akiitwa mlisha sumu haitwi kwa mwaka mmoja. Anaitwa mpaka anazikwa, na wajukuu zake wanaulizwa wanapotaka kuoa. Mjukuu wake ni Shimwa wako.

Hakuna njia ya kumsafisha bila wewe kutajwa. Ningeijua ningekuuzia. Ulimchafua kwa mdomo wako, hautapatikana mdomo mwingine wa kazi hiyo.

Basi fanya hivi.

Leo, kabla ya Clovis, unamwambia Mama Cécile mwenyewe. Najua ungependa kuanza na mume, umlainishe, akusindikize. Hapana. Aliyeumizwa asikie wa kwanza, na asisikie kutoka kwa mwanawe. Mpigie magoti kama ulivyofundishwa kwenu, mpe karatasi mkononi, na kama hasomi Kifaransa cha madaktari msomee. Mwambie jina la aliyekupeleka kwa mganga na jina la uliyemwambia. Yote. Ukibakisha kipande, ataendelea kukutana nacho mlangoni kwa watu.

Clovis mwambie baada ya hapo, siku hiyo hiyo, na lile la vidonda vya tumbo ulitoe pia. Atanyamaza. Mwache anyamaze. Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe, mimi si padri wala si Clovis. Ninachojua ni kwamba sasa hivi anamkasirikia mama yake kwa kosa lako, na siku akija kujua kwa njia nyingine, na atajua, hatanyamaza mwezi mmoja.

Jumamosi hii ni umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima utakuwepo. Mkishamaliza kufyeka na watu wakikaa kwenye mkutano, muombe mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wenu, dakika mbili. Usitume mtu, usiandike kwenye kundi la simu. Simama. Sema nina aleji ya nyanya mbichi, hospitali imethibitisha, nilimsingizia mama mkwe wangu, na niliyeanzisha maneno ni mimi. Mama Manzi akiinamisha kichwa, usimtaje. Yeye alibeba tu, ulimpa wewe. Utaona aibu, ndiyo. Aibu ya dakika mbili mbele ya majirani, wakati yeye amesimama nayo wiki nzima na chupa ya moto mkononi.

Ya afya: nyanya mbichi basi, juisi zake basi, kuonja kidogo ili uone kama umepona basi. Zilizopikwa muulize daktari kwanza, usijijaribu mwenyewe nyumbani, kwa sababu wapo ambao hata zilizoiva jikoni zinawadhuru, na wewe uliwahi kufungwa koo. Dawa uliyopewa itembee nawe kuliko hata lipstiki. Ukisikia sauti inabadilika, kifua kinapiga filimbi au kichwa kinazunguka, usingoje kuona, hospitali hapo hapo. Nyasi za sungura zikae mbali na dirisha, zikatwe kabla hazijachanua, na umwambie daktari kuhusu chafya zako zote. Mueleze Clovis na mama dalili hizo, hao ndio watakaokubeba siku ikitokea.

Halafu kuhusu tiketi ya Jumapili. Usimwombe abaki ili ujisikie vizuri. Labda atakaa, labda ataondoka, na akiondoka ana haki. Hilo ni lake kuamua. Lako ni kuhakikisha kwamba akipanda lile basi watu wa Gikondo wanajua anaondoka mama mwema aliyekosewa, na akibaki, anabaki kwa kichwa kilichoinuka.

Leo ukishuka kwenye gari la kiwanda usipitie sokoni, usipitie kwa Gaju, usinipigie mimi. Ukifika, usianze na Shimwa, usianze na habari za kazini, usianze na kwamba daktari amesema. Sema, "Mama, nilikusingizia." Kisha ufunge mdomo, na atakalosema, lote, ulisikilize mpaka amalize.

Mama Winifred